Salamu Maria Kumi kwa Nyota ya Mukia

Mu parokia yetu watu walinijua kwa kitu kimoja: mimi Adelaïde, muke wa Grégoire fundi wa mbao wa Kingi, nilimaliza shapele, sala ya rozari, mbele ya kila muntu. Wengine wakiwa bado ku fumbo la tatu, mimi nilisha kubusu musalaba na kuiweka shanga mu mufuko. Masista walinigombeza. Wamama wenzangu walinicheka, wakasema Bikira Maria akisikia sauti yangu anafunga mukanda, sababu iko safari ya mbio. Mimi niliwajibu kwamba maharagi haijipalilii, na Mungu hakuzaliwa kiziwi. Nasema hii mwanzoni sababu bila hii hamutaelewa namna nyota ziliingia mu ndoa yetu.

Grégoire alikuwa anapoteza macho. Alipokuwa kijana, mbele ya kunioa, alifanya kazi kule Walikale, Omate, kupasua mbao za kutegemeza mashimo ya wachimbaji. Kule mutoni kuna nzi wadogo weusi wanaouma. Alirudi na ngozi ya kujikuna, akapona, tukaoana, tukazaa kijana wetu Léonard, na miaka ikapita vizuri. Halafu macho ikaanza. Muchana, akisogeza kitu karibu na pua, aliona sawa na wewe. Jua likizama, yeye alikuwa kama muntu aliyefunikwa gunia. Daktari mumoja alimwambia bila kumuficha kwamba usiku ulisha kwenda, na muchana utafuata, pole pole, na hakuna dawa.

Alirudi nyumbani na ile habari, akala, akalala. Lakini toka siku ile, jioni alikaa nje akiniuliza kama nyota zimetoka. Nilisema ndiyo. Aliuliza ngapi. Mimi nilichoka na siku, nikamujibu kwamba zimetoka zote, hakuna iliyobaki nyumbani kupika.

Padri muzee wa misheni, muzungu mwenye kupenda foto, alisikia habari ya macho yake. Grégoire alikuwa amemutengenezea viti vya kanisa. Yule Padri alimupa apareyi yake ya zamani ya kupiga foto, ile ya kukunjwa, inayofunguka mbele kama akordeoni. Akamufundisha: mu giza, ukiacha jicho lake wazi muda murefu, linaendelea kukusanya mwanga. Jicho la muntu linaona na kusahau, lile halisahau. Na sababu nyota zinatembea, kila moja itaandika mustari wake ku pelikile, ule mukanda wa ndani ya apareyi. Padri mwenyewe alizisafisha zile foto mu chumba chake cha giza.

Foto ya kwanza Grégoire aliipeleka mpaka ku mulango wetu, saa ya jua kali, akaisogeza karibu na pua. Aliiangalia mpaka nikafikiri amelala. Halafu akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. Mistari myeupe ilijaa ile karatasi: upande wa mashariki imesimama wima, upande wa kusini imepinda kama pinde za watoto. Zilikuwa nyota za kilima chetu, zimeshuka zikangojea jua litoke ili naye azione. Aliziita nyota za muchana. Wanaume wengine wa Kingi walipenda pombe ya ndizi. Wangu alipenda hii.

Shida ilikuwa muda. Saa ya mukono tulikuwa nayo, lakini gizani nani ataisoma? Taa hatukuweza kuwasha. Ingeharibu foto, na tena miaka ile ilikuwa ya vita, muntu mwenye kuwasha taa ku kilima usiku, kesho yake angeulizwa anamuita nani. Basi Grégoire alimuweka mama yake, Mama Geneviève, ku kiti pembeni ya apareyi, na shapele mukononi. Akifungua, muzee anaanza kusali. Muzee akimaliza, Grégoire anafunga. Shapele moja, foto moja.

Na Mama Geneviève alisali kweli kweli, mayo. Yeye alisema Salamu Maria kama muntu anayemimina maziwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine na hataki tone lianguke. Mistari ya foto zake ilikuwa mirefu, na Grégoire aliipima kwa kucha ya kidole gumba, akasema, "Hii iko ya Mama. Ona, hapa alikuwa na nguvu." Urefu wa sala ya muzee uliandikwa ku karatasi, na kila muntu angeweza kuuona.

Mama Geneviève alipokufa, kile kiti kikabaki kwangu. Munaelewa sasa. Foto zikaanza kutoka na nyota fupi fupi kama vipande vya nywele chini ya kiti cha kinyozi. Grégoire hakunigombeza hata mara moja. Alipima kwa ile kucha, akatabasamu, akasema, "Hii iko ya Mama Léonard. Alikuwa na sufuria ku moto." Nilicheka naye, lakini rohoni iliniuma. Mama mukwe alinishinda ku kupika sombe, alinishinda ku kulima, sasa amekufa na ananishinda mpaka mbinguni.

Nilijaribu kupunguza mbio, nilishindwa. Ulimi wangu ulisha kujua njia yake. Nikianza tu "Salamu Maria, umejaa neema", namalizia "Amina" mbele ya kukumbuka kwamba nilianza.

Halafu Padri muzee akarudi kwao. Ile vita ya miaka ile ikafunga barabara, ikafungua, ikafunga tena, na pelikile haikufika. Ndani ya apareyi ilibaki pose moja tu, nafasi ya foto moja, na Grégoire aliitunza kama muntu anavyotunza mbegu ya mwisho. Aliniambia hataitumia ovyo. Alikuwa anangojea kitu, na yeye mwenyewe hakukijua.

Makuza njo aliyekileta. Makuza ni jirani wetu wa kuchunga ng'ombe, muntu wa kuamka mbele ya kuku kwa kukamua. Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi wa kumi, mwaka wa sitini na tano, alitua maziwa yetu ku mulango, na badala ya kuondoka alikaa.

"Papa Léonard," alisema, "kuna kitu mbinguni, upande wa volkano. Nyota yenye mukia. Mukia umesimama juu, kama mukia wa ng'ombe anayekimbia."

Grégoire aliacha kikombe. "Mukia murefu namna gani?"

Makuza alinyoosha mikono, akaona haitoshi, akaishusha. "Asubuhi, mbele ya mapambazuko. Jua likikaribia inakufa."

Kwa siku chache kila muntu aliyepita kwetu aliiongea. Mama mumoja alisema iko kama fagio. Katekista alisema iko kama mushumaa uliopulizwa na upepo. Wengine walisema ni vita, wengine walisema ni njaa, na mimi niliwaambia vita na njaa tulisha kuwa nazo bila kutumiwa nyota. Grégoire aliwasikiliza wote kwa heshima. Walipoondoka aliniambia, "Kila muntu ananiletea ya kwake. Sitaki kuambiwa, Mama Léonard. Nataka kuona."

Nilimuambia nyota ni nyota.

"Hii inapita tu. Na macho yangu nayo inapita. Nikikosa hii, sitaona ingine."

Niliona kwamba hata sauti yake ilikuwa inaomba, na yeye si muntu wa kuomba.

Akatengeneza kila kitu muchana, akiwa bado anaona. Alisogeza lenzi mahali pake, akaifunga na uzi ili isiteleze. Alipeleka kiti cha miguu mitatu cha kuweka apareyi, alichokitengeneza mwenyewe kwa mbao ya musave, mpaka juu ya kilima nyuma ya nyumba, akapigilia vijiti vitatu mu udongo ili miguu ikae palepale hata gizani. Halafu akanikalisha, akanieleza kama muntu anayemufundisha mutoto ekaristi.

"Si shapele muzima. Kumi moja tu, Salamu Maria kumi. Ukizidisha, mapambazuko itachoma pelikile. Ukipunguza, mukia hautaingia. Nyota ni moto, inaandika haraka. Mukia iko moshi tu, unahitaji muda. Kumi moja." Akaigusa shapele yangu. "Lakini kumi ya Mama."

"Nimesikia," nilisema, nikiwa nimekunja uso.

Tulipanda kila asubuhi, mimi mbele, yeye nyuma ameshika kitenge changu. Na kila asubuhi ukungu wa Masisi ulitukalia. Mwezi wa kumi na moja kwetu ni mvua juu ya mvua. Tulikaa mu baridi, apareyi imefunikwa na kofia ya Grégoire, tukisikia maji yakidondoka ku majani. Mara moja tu wingu lilifunguka, nikaona kipande cha weupe, nikasema "Njo ile", na mbele ya kuondoa kofia likafunga. Grégoire aliniuliza iko namna gani. Nilianza kueleza, akaniinulia mukono ninyamaze. Hakutaka ya kwangu pia.

Kifua kikamukamata. Alikohoa usiku kucha, homa ikapanda, nikamufungia mulango na kumuambia kilima hatakiona tena mpaka apone. Makuza alituambia nyota inazidi kuamka mapema lakini inapungua, kama muntu mwenye kukonda. Grégoire alisikia akiwa amelala. Aligeuka upande wa ukuta.

Kesho yake niliamka mbele ya kuku, sijui nini iliniamusha. Halafu nikaelewa: hakukuwa na sauti ya maji. Paa halikudondosha kitu. Nilifungua mulango kidogo na mbingu yote ilikuwa wazi, imejaa, mpaka chini ku vilima.

Grégoire alikuwa amelala. Kwa mara ya kwanza mu usiku mingi alikuwa anapumua bila kukohoa. Nilisimama pale na mukono juu ya bega lake. Ningemuamsha, angenifuata hata kwa magoti, na ile baridi ingemumaliza. Nikaondoa mukono. Nilichukua apareyi na kiti chake, nikachukua kofia na shapele yangu, nikatoka.

Upande wa volkano anga ilikuwa nyekundu chini, kama usiku wote. Na juu yake, pembeni kidogo, ilisimama ile nyota. Sitaki kuieleza, bwana wangu alinikataza. Nitasema tu kwamba niliogopa. Nikakaa chini mu majani ya maji kama muntu aliyesukumwa.

Nikainuka. Nikatafuta vile vijiti kwa vidole, nikaweka miguu mitatu, nikafungua ile akordeoni, nikaielekeza. Nikashikilia kofia mbele ya lenzi, nikasukuma kile chuma kidogo cha kufungulia jicho, kama alivyonionyesha, nikangoja chombo kitulie. Halafu nikaondoa kofia na kuanza.

Salamu Maria ya kwanza ilinikimbia. Ilikwisha mbele ya mimi kuishika. Nilisimama na mudomo wazi, jicho la apareyi likiwa wazi nalo, nikajiambia: Adelaïde, hii haina sufuria. Hakuna maharagi, hakuna muntu anayekungojea, isipokuwa yule aliyelala. Nikashika shanga ya pili, nikasema neno moja, nikangoja, nikasema lingine. Niliyachagua maneno kama muntu anayechagua maharagi ya mbegu, moja moja, kila moja nikiigeuza mukononi. Nilisha kusema ile sala tangu utoto na sikuwahi kusikia kwamba ndani yake kuna neno "sasa". Utuombee sisi wakosefu, sasa. Nikafika pale, nikasimama juu yake muda murefu.

Niliomba macho yake. Nilijua haitarudi, daktari alisha kusema, lakini niliomba tu. Niliomba pia kwa hasira, namna yangu. Nilimuambia Bikira Maria kwamba mimi namukimbiza kila siku, basi leo nimekaa, na yeye akae. Machozi ilishuka na sikuifuta sababu niliogopa kutikisa kile kiti. Shanga ya kumi ilipokwisha nilirudisha kofia, nikafunga kile chuma, na miguu ilikuwa imekufa ganzi mpaka magoti. Ukungu ulipanda kutoka bondeni nikiwa njiani kurudi.

Nilimuambia asubuhi, nilipomupa uji. Aliketi mara moja.

"Ilikuwa wazi?"

"Wazi yote."

"Ulifunga vizuri?"

"Nilifunga."

"Kumi?"

"Kumi."

Alitaka kuuliza kitu kingine, nikaona kimefika mpaka ku midomo, akakimeza pamoja na uji. Nilijua ni kitu gani. Nami kwa kiburi sikumusaidia.

Padri wetu wa foto hakuwepo tena, basi pelikile ilienda Goma na kamio ya mboga, kwa fundi mumoja wa foto, Papa Narcisse, mwenye kupiga za ndoa na za kitambulisho. Dereva alipewa neno moja tu la kumufikishia: asafishe, atoe foto moja kubwa, nzuri. Wala mimi wala Grégoire hatukufikiri kuongeza lingine.

Bahasha ilirudi siku Grégoire alipoanza kutembea tena. Alinyoa ndevu kwanza. Alivaa shati ya misa. Saa ya jua la kati aliketi ku mulango, mahali pake, akaifungua kwa kisu chake cha kazi, akatoa foto, akaisogeza karibu na pua.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikingoja kicheko. Hakikuja. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, akaisogeza mpaka ikagusa kope. Mikono yake ikashuka ku magoti.

"Basi," alisema. "Muchana nao umekwenda."

Nilimunyang'anya ile foto. Chini kulikuwa na vilima na mwanga wa volkano, vizuri, mpaka muti wa Makuza ulionekana. Juu kulikuwa kweusi tu, kusafi, kama sahani iliyooshwa. Hakuna mukia, hakuna nyota, hata moja.

"Papa Léonard, hata mimi sioni kitu. Hakuna kitu humu."

Alitabasamu, na ile tabasamu ilinichoma. "Unanionea huruma."

"Mimi? Lini umeniona na huruma?"

Nilimuita Makuza, akaangalia, akatikisa kichwa, akasema hakuna. Grégoire alimushukuru. Makuza alipoondoka, alisema Makuza ni rafiki yake na rafiki atasema kile muke amemuomba aseme. Halafu akafumba macho, palepale ku jua, na hakuifungua. Alikuwa anajizoeza. Niliona mukono wake unatafuta ukuta, taratibu, kama muntu anayejifunza nyumba mupya.

Nilishindwa. Nilichuchumaa mbele yake nikasema, "Sikiliza. Ukweli njo huu. Nilikimbiza."

Akafungua macho.

"Baridi ilikuwa kali," nilisema, "nikaogopa, nikazipiga zile kumi mbio mbio kama kawaida yangu. Mukia haukupata muda wa kuingia. Macho yako haina kosa. Kosa iko ya ulimi wangu."

"Ulikimbiza."

"Nilikimbiza."

Akapumua, pumzi ndefu, na uso wake ukarudi. Aliangalia mikono yake, akaangalia kisu, akaangalia kuku uani, akihesabu vitu vyote kwamba bado viko. Na alinisadiki palepale, bila kuuliza mara ya pili. Njo hiyo iliyoniuma. Akaweka mukono wake ku goti langu, akasema, "Si neno. Wewe njo wewe." Nikaingia mu jiko nikapiga sufuria kwa mwiko mpaka kuku wakakimbia. Nilisha kusali mara moja mu maisha yangu vile inapaswa, na ile sala nilikuwa nimeitupa.

Jioni niliichukua ile foto kuificha asiiguse tena. Jua lilikuwa limelala, linaingia upande, na karatasi iling'aa mukononi. Lakini haikung'aa yote. Kulikuwa na mahali pasipong'aa, vidoa vidogo vidogo vingi, na kati yao kimoja kirefu, kimesimama juu ya volkano. Mimi nimeshona nguo za Léonard tangu anatambaa. Najua kiraka nikikiona.

Nilimuambia Grégoire nakwenda Goma kuuza maharagi. Nilipanda kamio juu ya makabichi, na njia yote nilikuwa natayarisha maneno ya kumupa yule fundi. Yalikuwa maneno makali, mengine sikujua kama nilikuwa nayo.

Papa Narcisse alikuwa muntu mufupi, mupole, mwenye tai, na nyuma yake pazia yenye mapicha ya maua. Niliweka foto mbele yake nikasema, "Papa, nyota zangu ziko wapi?"

Aliiangalia, akafurahi. "Ah, Mama, njo hii ya Kingi. Ile klishe ilikuwa na shida nyingi." Klishe ni ile pelikile yenyewe iliyosafishwa, anayotolea foto. "Ilikuwa imekwaruzika pote. Mikwaruzo mifupi mingi, halafu moja kubwa ya kutisha, katikati kabisa. Klishe sikuigusa, lakini nilikaa na foto siku muzima na burashi na wino, nikiifunika. Na sikuongeza bei, sababu niliona ni watu wa mbali."

Maneno yangu yote makali yalifia ku ulimi. Alikuwa amefuta ile nyota kwa wema. Alizifuta zote, moja moja, kwa burashi ndogo, kwa muda murefu kuliko mimi nilivyosali.

"Papa," nilisema, "zile zilikuwa nyota. Na ile kubwa iko ile yenye mukia. Wewe hukuiona?"

Alishika kiti. Aliiona, alisema, kila asubuhi Goma yote iliiona, lakini hakufikiri muntu anaweza kuifunga mu apareyi. Kwake, foto ni muntu amekaa, amevaa, anaangalia mbele. Alifungua droo, akatafuta, akatoa klishe ndani ya karatasi laini. Aliinua ku dirisha tuiangalie wote wawili. Halafu aliniomba musamaha, akasema karatasi kubwa imemuishia, ikifika kutoka Bukavu atanitolea foto ingine bila bei. Nilimuambia siwezi kungoja karatasi. Nilichukua klishe kama ilivyo, nikaiweka kati ya vipande viwili vya kartoni, kifuani, na maharagi sikuuza hata kikombe.

Nilifika kesho yake saa ya jua la kati. Grégoire alikuwa ku mulango, anapiga randa ubao kwa kugusa, amefumba macho, bado anajizoeza kidogo. Nilimuambia aache randa. Nilisimama pembeni yake, nikainua klishe mbele ya uso wake, upande wa anga.

"Fungua macho."

Akafungua. Mu klishe vitu vyote vimegeuka. Giza iko nyeupe na mwanga iko nyeusi. Mbele yake ilisimama mbingu nyeupe, na muchana wa Kingi ulipita ndani yake, na juu ya ile nyeupe nyota zilikuwa nyeusi, kali, kama zimeandikwa kwa penseli yake ya kazi. Na katikati, kutoka doa la volkano kwenda juu, mukia.

Alishika mukono wangu ili usitikisike. Macho yake ilianza chini, ikapanda pole pole na ule mukia mpaka ulipoishia, ikarudi chini, ikapanda tena. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Halafu kile kicheko kikatoka.

"Makuza alisema kweli. Ng'ombe anakimbia."

"Unaona?"

"Naona, Mama Léonard. Naona yote." Na alilia huku anacheka, na mimi nilimugombeza asilowanishe klishe.

Nilimueleza habari ya Papa Narcisse, burashi, wino, mikwaruzo. Alicheka mpaka kifua kikamurudia. Halafu akachukua klishe mwenyewe, akaisogeza karibu kabisa, akaangalia kichwa cha ile nyota. Kicheko kikapungua.

"Hii si nukta," alisema. "Iko mustari."

"Kila kitu kinatembea. Wewe njo ulinifundisha."

Aliweka kucha ya kidole gumba juu yake. Akapima. Akahamia ku nyota ingine ya pembeni, akapima nayo. Nilijua anafanya nini, nikashika ndoo niende kuchota maji.

"Adelaïde."

Tangu Léonard alipozaliwa hakuwa ameniita kwa lile jina. Nilisimama na ndoo.

"Hukukimbiza."

"Nilikimbiza."

"Hii inapita kumi ya Mama."

"Baridi ilikuwa kali," nilisema. "Midomo ilikuwa mizito."

Hakubishana. Aliweka klishe ku goti, juu ya kartoni yake, akanyoosha mukono, safari hii bila kutafuta ukuta, akashika pindo la kitenge changu kama alivyolishika tukipanda kilima. Maji nilienda kuyachota jioni.